Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Viongozi Wasiotaka Uongozi katika Anime za Isekai

Isekai ni nini, na kiongozi asiyetaka uongozi anaingiaje humo?

Isekai ni hadithi za Kijapani ambamo mtu wa dunia yetu anajikuta katika dunia nyingine. Wapo wanaokufa na kuzaliwa upya, wapo wanaoitwa kwa uganga, na wapo wanaonaswa ndani ya mchezo wa kompyuta waliokuwa wakiucheza. Akishafika, mara nyingi mtu huyo anakuta kuna mzigo unamngoja: ufalme, jeshi, kijiji, au kundi la watoto wenye njaa. Hakuuomba. Ukurasa huu unawahusu wahusika wa namna hiyo, na swali linalonishughulisha kuliko mengine ni hili: nini hasa humtoa mtu kwenye "si mimi" na kumfikisha kwenye "haya, nitwisheni"?

Nikisoma hapa, uhondo utaharibika?

Utaharibika. Nataja matukio makubwa na miisho. Kama unapanga kuitazama The Twelve Kingdoms na hujaianza, ruka majibu yote yanayomhusu Youko, mhusika wake mkuu, urudi baadaye.

Kwa nini wahusika hawa hukataa kwanza?

Sababu hazifanani, na kutofautiana kwake kuna maana. Waswahili husema ukubwa ni jalala, kila mwenye taka anakuja kukumwagia wewe. Shiroe wa Log Horizon analijua hilo fika, ndiyo maana miaka yote ya kucheza alikwepa kujiunga na vyama vikubwa vya wachezaji. Myne wa Ascendance of a Bookworm ana kitu kimoja tu anachokitaka maishani, vitabu, na kila jukumu analopewa linamla muda wa kusoma. Youko anataka kurudi kwao. Naofumi wa The Rising of the Shield Hero amesingiziwa mbele ya taifa zima, hana hamu ya kumwokoa mtu yeyote.

Ukianza kutazama anime (katuni ya Kijapani) mpya ya aina hii, itafute kwanza sababu hiyo. Mwandishi aliyeitafakari vizuri hujenga juu yake hadithi nzima. Asiyeitafakari anakuwa ameshaisahau kufikia kipindi cha tatu.

Nitatofautishaje kukataa kwa kweli na kukataa kwa mdomo?

Tazama nani analipa. Katika hadithi nzuri, kukataa kwa kiongozi kuna gharama, na gharama hiyo haimwangukii yeye. Inawaangukia wanyonge walio chini yake, naye analazimika kuiona kwa macho yake. Hapo ndipo anapoanza kubadilika, na ndiyo hoja yangu kubwa katika ukurasa huu wote: mhusika hakui kwa kuongezewa nguvu, anakua kwa kujua kukaa kwake pembeni kunamgharimu nani.

Katika hadithi dhaifu, kijana anarudia "mimi ni mtu wa kawaida tu" huku kila aliyeko chumbani ameshapiga magoti. Akikataa, hakuna anayeumia. Akikubali, hapotezi kitu. Mhusika wa hivyo hakatai uongozi hata kidogo, anataka asifiwe mara mbili: kwa ukubwa wake na kwa unyenyekevu wake.

Mfano bora kuliko yote ni upi?

Kwangu ni Youko Nakajima wa The Twelve Kingdoms, wala simwoni wa kumkaribia. Riwaya za Fuyumi Ono zilianza kutoka mwaka 1992, na Studio Pierrot ikazifanya anime ya vipindi 45 iliyorushwa na NHK, shirika la utangazaji la Japani, kuanzia 2002 hadi 2003. Ilikuwapo kabla ya hili wimbi la isekai tunalolijua leo.

Youko ni mwanafunzi wa sekondari, kiranja wa darasa, mtoto asiyemkwaza mtu. Nywele zake zina wekundu usio wa kawaida, na kwao hawazipendi. Shuleni anacheka na kila upande ili asichukiwe na upande wowote. Siku moja anatokea mwanamume wa nywele ndefu za dhahabu, Keiki, anapiga magoti mbele yake, anaapa kutomwacha wala kumwasi, kisha anamtaka atamke neno moja tu la kukubali. Mazimwi yanavamia, vioo vinapasuka, muda hakuna. Youko anakubali. Hajui amekubali nini. Alichokubali ni kiti cha ufalme wa Kei.

Katika dunia ile mfalme hapigiwi kura wala harithi kwa baba yake. Kila ufalme una kirin wake mmoja, kiumbe wa huruma asiyestahimili damu, naye ndiye anayemtambua mfalme kwa matakwa ya mbingu na kumpigia magoti. Keiki ni kirin wa Kei. Mfalme akishatawazwa hazeeki, anaweza kutawala mamia ya miaka. Jirani yao, mfalme wa En, ametawala kama 500. Lakini mfalme akipotoka, kirin wake huugua, na kirin akifa, mfalme naye hana maisha marefu. Kiti kikibaki kitupu, mazimwi huzidi, mafuriko na ukame hufuatana, wakulima huhama makwao.

Hapo ndipo ninapompa Ono heshima yake. Katika dunia aliyoiunda, kukataa hakuwezi kuwa siri ya moyo wa mtu mmoja. Kila siku Youko anayoililia Japani, Kei haina mtawala, na watu wa Kei wanavuka mpaka kwenda kuomba hifadhi.

Mbona vipindi vya mwanzo Youko analia tu? Wengi huacha kutazama hapo.

Analia, ndiyo, na vumilia. Mwandishi anamvua ile tabia ya kumridhisha kila mtu, na haivuliwi kwa kipindi kimoja. Anaangukia ufalme wa Kou, ambako watu waliosukumwa na dhoruba kutoka dunia nyingine huwindwa. Mwanamke anayempa chakula na malazi anampeleka kumuuza kwenye danguro. Mzee Mjapani mwenzake, ambaye walizungumza lugha moja na kuliliana, anamwibia mizigo usiku. Na kila anapobaki peke yake anatokewa na nyani wa rangi ya buluu anayemcheka na kumnong'oneza: hakuna aliyekupenda kule, hakuna atakayekupenda huku, ua kabla hujauawa.

Anayemwokota kando ya njia, akiwa hoi, ni Rakushun, kiumbe nusu mtu mwenye umbo la panya anayetembea wima, ambaye naye sheria za Kou zinambagua. Youko hamwamini. Mji unaposhambuliwa na Rakushun anapoanguka, Youko anamwacha pale na kukimbia. Kisha, baya zaidi, linamjia wazo la kurudi kummaliza ili asije akamtaja. Sijaona isekai nyingine iliyomshusha shujaa wake hadi pale bila kumtafutia udhuru. Kutoka kwenye shimo lile anaamua jambo moja: kwamba kutendwa na watu si sababu ya yeye kuwatenda watu. Anamkata yule nyani kwa upanga, na nyani anageuka ala ya upanga ule ule, iliyokuwa imepotea. Hayo yote yanatokea kabla hajajua kwamba yeye ni malkia. Ndiyo maana nasema vipindi vile havirukwi.

Akishatawazwa, si hadithi imekwisha?

Hapana, ndiyo kwanza inaanza, na ni hapa inapozishinda nyingine. Ikulu ya Kei imejaa mawaziri wanaojua kila kitu, naye hajui hata mila za kwao. Wanasujudu hadi paji la uso linagusa sakafu, kwa hiyo haoni nyuso zao, haoni nani anakubali na nani anadharau. Akikosea, Keiki anashusha pumzi. Na Youko anaanza kuiogopa ile pumzi, anaanza kusema "ndiyo" ili waziri huyu aridhike na yule asinune. Tabia ya darasani imemfuata hadi kwenye kiti cha enzi.

Akaondoka. Si kukimbia, maana alimwachia Keiki shughuli na kwenda kijijini, bila kujitambulisha, kujifunza kwa mzee anayeitwa Enho jinsi raia wake wanavyoishi. Huko anakutana na kodi za kikatili na maofisa wanaofanya wapendavyo kwa sababu malkia hajui. Mzee anatekwa, msichana aliyekuwa akiishi naye nyumba moja anauawa. Malkia anajikuta amejiunga na waasi dhidi ya serikali inayotawala kwa jina lake, na jeshi linalotumwa kuwazima ni jeshi lake mwenyewe.

Siku ile anatokea juu ya mgongo wa Keiki aliyegeuka umbo lake la mnyama. Askari wanajua kirin hambebi mtu mwingine ila mfalme wake, na silaha zinashuka. Kisha anatoa amri yake ya kwanza kama mtawala, amri ambayo mawaziri walikuwa wakiingoja kwa muda mrefu: anafuta kusujudu, isipokuwa katika ibada na sherehe rasmi. Anataka kila mtu wa Kei awe mtawala wa nafsi yake na amtazame usoni. Ukikumbuka msichana aliyekuwa akiinamisha kichwa mbele ya kila mtu, utaona amri ile isingeweza kutoka kwa mtu mwingine yeyote.

Suzu na Shoukei wamewekwa kwa sababu gani? Wanachosha.

Wanachosha mwanzoni kwa makusudi. Suzu alitoka Japani ya zama za Meiji na ametumika kwa bibi mkali kama miaka 100, akijihurumia kuliko mtu yeyote duniani. Shoukei ni binti wa mfalme aliyewaua raia wake kwa sheria za kupindukia. Alilelewa ndani ya kuta za ikulu na utetezi wake ni kwamba hakujua. Hadithi inamjibu bila kumwonea huruma: ulikula, ukavaa, ukaitwa binti mfalme, ilikuwa kazi yako kujua. Ukiyasikia maneno hayo kisha ukamtazama Youko akikusanya vitu vyake kwenda kijijini, utaelewa wasichana hao watatu wamewekwa pamoja kwa nini. Kila mmoja analipia kutojua kwake.

Shiroe anatumia vitisho. Bado ni kiongozi mwema?

Log Horizon, iliyoandikwa na Mamare Touno na kuanza kurushwa na NHK mwaka 2013, inawanasa wachezaji Wajapani wapatao 30,000 ndani ya mchezo unaoitwa Elder Tale. Hakuna kufa, ukiuawa unafufuka hekaluni. Chakula hakina ladha. Mji wa Akiba haukosi usalama, umekosa sababu ya kuishi. Vyama vikubwa vimehodhi maeneo ya kuwinda, na chama kimoja, Hamelin, kimewafungia wachezaji wachanga na kuwanyonya dawa zao za kuongeza uzoefu ili kuziuza.

Miongoni mwa watoto wale wako pacha Minori na Touya, ambao Shiroe aliwahi kuwafundisha kucheza kabla ya kunaswa. Anajua wako mle. Minori hamsihi; anaogopa kumbebesha mtu aliyekuwa mwema kwake. Na Shiroe, mtu mwenye akili kuliko wote mjini, ameshindwa kuwatoa kwa sababu hana chama, wala hataki kuwa nacho. Ukimya wa yule mtoto ndio unaomvunja. Anaunda chama chake, Log Horizon, na chama hicho kinabeba jina la hadithi nzima.

Kuhusu vitisho: ni kweli. Anakusanya fedha, kwa sehemu kutokana na biashara ya baga zenye ladha, kwa kuwa marafiki zake wamegundua kwamba mpishi akipika kwa mikono badala ya kubonyeza menyu, ladha inarudi. Kwa fedha zile ananunua jengo la vyama, lenye ofisi za vyama vyote. Kisha anawakalisha wakubwa meza moja kuanzisha Baraza la Meza ya Duara, wakijua kwamba mwenye jengo ana uwezo wa kumzuia yeyote asiingie. Mimi naona alikosea kidogo na kupatia sana. Kilichoniridhisha ni kwamba hakukalia kiti cha mwenyekiti. Alimwachia Krusty, mkuu wa chama kikubwa cha D.D.D. Na hadithi haimwachi apumzike, kwani msimu wa tatu wa mwaka 2021 unahusu kuanguka kwa baraza lile lile.

Myne ni mtoto mgonjwa. Anahesabiwaje kuwa kiongozi?

Anahesabiwa, tena katika nafasi ya pili kwenye orodha yangu. Ascendance of a Bookworm ya Miya Kazuki ilianza kama anime mwaka 2019 kwa mkono wa studio ya Ajia-do. Myne anaingia hekaluni kwa sababu moja, maktaba. Siku anayochungulia mlango wa nyuma wa kituo cha yatima na kuona watoto wadogo wasiobatizwa, wachafu, wamelala wakifa njaa, anaanguka na kuzirai. Kisha anafanya jambo ambalo wengi wetu tungelifanya: anajaribu kusahau. Ferdinand, mkuu wa makuhani, anamweleza bila kupepesa macho kwamba kama hayuko tayari kubeba dhamana ya kituo, basi asiingilie. Anarudi kwenye kitabu, na kwa mara ya kwanza kitabu hakimkai akilini.

Napenda jinsi anavyoukubali uongozi akiwa bado anaogopa, tena akisema waziwazi kwamba anaogopa. Wala hagawi chakula na kuondoka akishangiliwa. Anawafanya wasafishe jengo, wanaoshwa, wanafundishwa kupika supu, wanapelekwa msituni kuokota, wanaingizwa kwenye kazi ya kutengeneza karatasi ili kituo kijilishe. Sheria yake ni kwamba asiyefanya kazi hali. Na mwishoni, tuseme ukweli, karatasi zile ni za vitabu vyake. Matakwa yake hayakufa, yalipata watu wa kufanya nao kazi.

Rimuru anakua kweli, au anaongezeka nguvu tu?

Nusu kwa nusu. Katika That Time I Got Reincarnated as a Slime, iliyofanywa anime na studio ya 8bit mwaka 2018, Satoru Mikami, mfanyakazi wa kampuni mwenye miaka 37, anachomwa kisu na kuzaliwa upya akiwa donge la ute linaloitwa Rimuru. Magoblini wanamwomba awalinde na mbwamwitu, naye hana moyo wa kukataa. Kutoka hapo hadi kuwa mkuu wa shirikisho la Jura Tempest ni kama kila anayemwonea huruma anakuwa raia wake.

Msimu wa pili unagusa jambo la maana. Aliwaamuru watu wake wasiwadhuru binadamu, kwa sababu yeye mwenyewe aliwahi kuwa binadamu. Askari wa Falmuth wakaja, na watu wake wakafa wakiitii amri yake, msaidizi wake Shion akiwa mmoja wao. Kwa muda mfupi tunamwona kiongozi aliyeelewa kwamba wema wake ulikuwa matakwa yake binafsi, na wengine ndio walioulipia. Kisha anakusanya roho 10,000, anapanda daraja kuwa bwana wa mapepo, na wafu wanafufuka. Gharama imerudishwa. Napenda hadithi ile, lakini pale ndipo iliponipoteza.

Na Ainz wa Overlord?

Yeye ni ukuaji unaokwenda chini, na umeandikwa vizuri. Suzuki Satoru, mfanyakazi wa kawaida, amenaswa katika mwili wa mifupa kwa jina la Ainz, akizungukwa na wafuasi wanaomwabudu na ambao anawaogopa. Anafanya mazoezi ya maneno na mikao ya kifalme akiwa peke yake. Mmoja wa wafuasi hao, Demiurge, analichukua neno lake la kupitiwa kuhusu kuitawala dunia na kuligeuza mpango wa vita. Ainz haulizi, kwa kuwa kuuliza kutaonyesha kwamba hajui. Wanaolipia aibu yake ya kuuliza ni maelfu ya watu wasiomjua, na tofauti yake na Youko ni kwamba yeye akiwaona hasikii kitu.

Kwa nini watu hugombana sana juu ya Naofumi?

Kwa sababu anamwanza Raphtalia kwa kumnunua, naye ni mtoto na mtumwa. Anamlisha, anamtibu, anamfundisha kupigana, na Raphtalia ndiye anayemrudishia imani kwa watu. Yote hayo yapo na yameonyeshwa kwa nguvu. Lakini alama ya utumwa inapoondolewa, Raphtalia anaomba arudishiwe kama ishara ya kuaminiwa, na hadithi inalipokea ombi hilo kama jambo tamu. Kwa msomaji wa pwani yetu, ambako soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, alama ile si pambo la mapenzi. Anayesema ameshindwa kuendelea baada ya hapo ana haki yake.

Subaru wa Re:Zero yumo?

Hayumo. Tatizo lake ni kinyume: alitaka mno kuwa shujaa. Ukuaji wake unaanza anapokiri kwamba hana chochote. Ni hadithi nzuri, ila inajibu swali jingine.

Je, zipo za zamani zilizokihoji hata kiti chenyewe?

Ipo Magic Knight Rayearth, ya CLAMP, kundi la wachoraji wanawake wa Kijapani, iliyokuwa anime mwaka 1994 na 1995. Wasichana watatu wanaitwa kutoka Tokyo hadi Cephiro, nchi inayosimama kwa maombi ya mtu mmoja, Princess Emeraude. Emeraude amempenda Zagato, na tangu hapo hawezi tena kuiombea nchi peke yake. Wasichana wanagundua kwamba waliitwa wamuue, wala si kumwokoa. Katika sehemu ya pili, Hikaru anachaguliwa kushika nafasi ile ile. Anaikubali, kisha anaifuta, ili nchi ibebwe na wote wanaoishi ndani yake. Kwa kipindi cha watoto wa miaka ile, huo ni ujasiri mkubwa.

Kwa nini nyingi za siku hizi viongozi wake hawabadiliki?

Sehemu kubwa inatokana na zinakoandikwa. Tangu 2004 kuna tovuti ya Kijapani, Shōsetsuka ni Narō, ambako mtu yeyote anaweza kupandisha riwaya yake sura kwa sura. Log Horizon, Slime, Re:Zero na Bookworm zote zilipitia huko, kwa hiyo tovuti yenyewe haina kosa. Lakini mwandishi anayepandisha sura mara kwa mara anashawishika kumpa msomaji ushindi mdogo kila mara, na ukuaji wa mtu unahitaji sura ndefu za kushindwa. Kazuki alikubali kwenda polepole, na unaliona hilo katika kila hatua ya Myne.

Nianze na ipi?

Kama una subira, The Twelve Kingdoms, na usiihukumu kabla Rakushun hajatokea. Kama unatazama na watoto wa shule ya msingi, Bookworm, ingawa itabidi uwe nao karibu kwenye vipindi vya yatima. Mpenzi wa michezo ya kompyuta ataingia kwa urahisi kupitia Log Horizon. Msimu wa kwanza unajitosheleza, huo wa tatu unaweza kusubiri. Overlord si ya watoto kabisa.